Kuingia kwenye kwanta: mianya miwili au fotoelektriki?

Mwanafunzi wa sekondari hapa Lamu anayeanza fizikia ya kwanta, yaani ya vitu vidogo sana kama elektroni na mafungu ya nishati, ana njia mbili nzuri.

Ya kwanza ni jaribio la mianya miwili myembamba iliyo sambamba. Inapendeza macho: mwanga wa leza ukipita humo, ukutani hutokea mistari ya mwanga na giza, kwa kuwa mawimbi yanapokutana huongezana au kufutana. Thomas Young aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1800. Lakini hapo bado hujagusa kwanta. Utaigusa elektroni zikitumwa moja moja: kila moja hutua kama nukta, na nukta zikishakuwa nyingi, mistari ileile hujichora.

Ya pili ni fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali, nami naipendelea waziwazi. Liangazie bati la zinki taa nyekundu, kali upendavyo: haing'oki elektroni hata moja. Leta miale hafifu ya urujuanimno, zinang'oka papo hapo. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba mwanga hutoa nishati yake kwa mafungu (leo huitwa fotoni), na ukubwa wa fungu hutegemea frikwensi: E = hf, ambapo E ni nishati ya fungu, f ni frikwensi, na h ni namba isiyobadilika ya Planck. Hesabu ni kuzidisha tu. Halafu paneli za sola zilizo juu ya mapaa ya mji huu nazo zinategemea fotoni zenye nishati ya kutosha kuachilia elektroni ndani ya silikoni.