Cinderella wa Perrault au wa ndugu Grimm: yupi wa kumsomea mtoto?

Cinderella wa Charles Perrault, Ufaransa, 1697, ana boga lililogeuka gari la farasi na kiatu cha kioo. Mwishoni anawasamehe dada zake wa kambo na kuwaoza kwa mabwana wa ikulu. Hakuna tone la damu.

Wa Jacob na Wilhelm Grimm, Ujerumani, ni habari nyingine. Kama anavyosomwa leo, mama wa kambo anampa binti yake wa kumzaa kisu: kata kidole cha mguu, ukishakuwa malkia hutahitaji kutembea. Binti anakata, anavumilia, anavaa kiatu. Njiwa ndio wanaomwambia mwana wa mfalme atazame damu. Alichapishwa kwanza 1812. Toleo la 1819 likaongeza njiwa kuwadonoa macho dada wote wawili.

Mtoto wa miaka minne msomee Perrault, basi. Wa miaka saba hivi ningempa Grimm, kisu na vyote, maana umri huo wanataka kuona mwovu kaadhibiwa. Kudonolewa macho tu ndiko ningekuruka: bibi harusi wa kweli keshapatikana, kilichobaki ni kisasi. Ila mtoto anayeota ndoto mbaya, hata akiwa na miaka tisa, Grimm asubiri.