Muziki na fani nyingine, shahada mbili kwa miaka mitano: zinamfaa mwanakwaya wa Tabora?

Tuanze na hukumu, maana wengi mnasoma hapa fomu za maombi zikiwa tayari mkononi. Mpango wa miaka mitano unaompa mwanafunzi shahada ya muziki na shahada nyingine ya fani tofauti kabisa ni mzuri, na tunaupendekeza kwa masharti mawili: shule zote mbili, ya muziki na ya fani ya pili, ziwe eneo moja, na hiyo fani ya pili isiwe na maabara za kila mchana. Likikosekana hata moja, kijana atafika mwaka wa tatu amechoka na ataacha muziki, kwa sababu muziki ndio unaoonekana rahisi kuuacha. Vyuo huutangaza mpango huu kwa sifa za kipaji. Kinachoubeba au kuuangusha ni ratiba.

Kwanza, majina yasiwachanganye. Kuna shahada mbili, yaani vyeti viwili, kwa kawaida BMus ya muziki na BA au BSc ya fani nyingine. Kuna shahada moja yenye masomo makuu mawili, muziki ukiwa mojawapo. Halafu kuna shahada ya fani nyingine yenye muziki kama somo dogo la pembeni. Tangazo likisema tu "unaweza kuchanganya", uliza ni ipi kati ya hizo, kwa sababu uzito wake haufanani. Kwa vigezo vya NASM, chombo kinachothibitisha ubora wa shule za muziki Marekani, BMus hutaka karibu asilimia 65 ya masomo yawe muziki. BA yenye muziki kama somo kuu hutaka kati ya asilimia 30 na 45.

Sasa chukua kalamu. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Asilimia 65 yake ni 78. Ukisoma krediti 15 kila muhula kwa miaka mitano, unapata 150. Ukitoa 78 za muziki zinabaki 72 za kugawana kati ya fani ya pili na masomo ya jumla, ambayo vyuo vingi huyahesabu mara moja kwa shahada zote mbili. Hesabu inakubali. Mzigo huo huo ukiubana kwenye miaka minne, kila muhula unakuwa na karibu krediti 19. Ndiyo maana hatumshauri mtu yeyote akubali ahadi ya kumaliza vyote kwa miaka minne, hata kama mzazi anafurahia kuokoa ada ya mwaka mmoja.

Na krediti zenyewe hazisemi ukweli wote. Okestra au kwaya ya chuo mara nyingi ni krediti 1 tu, lakini mazoezi yake yanakula saa 4 hadi 6 kwa wiki, mbali na maonyesho ya jioni. Mpiga piano anayejiandaa kwa onyesho lake la peke yake anahitaji saa 3 au 4 za mazoezi kila siku, na hizo hazimo kwenye karatasi yoyote ya usajili. Mwanafunzi mwenye krediti 15 zenye BMus ndani yake ana wiki nzito kuliko mwenzake mwenye krediti 18 za uchumi.

Katika mipango tunayoifahamu, Oberlin, katika jimbo la Ohio, ndiyo tunayoipa alama ya juu. Ni mpango wa miaka mitano, na chuo cha sanaa na sayansi na chuo cha muziki viko pamoja, mwanafunzi anatembea kwa miguu kutoka darasa la hesabu hadi chumba cha mazoezi. Jambo la kujua mapema: maombi ni mawili na maamuzi ni mawili. Unaweza kukubaliwa upande wa sanaa na sayansi ukakataliwa upande wa muziki, au kinyume chake, hivyo amua kabla kama ungekwenda kwa upande mmoja tu. Lawrence, mjini Appleton katika jimbo la Wisconsin, nayo ina shahada mbili za miaka mitano katika eneo moja, na ni chuo kidogo. Mwombaji asiache kuiangalia eti kwa sababu jina lake halivumi huku kwetu. Chuo cha muziki cha Bard, katika jimbo la New York, kilianzishwa mwaka 2005 kwa msimamo kwamba mwanamuziki wa shahada ya kwanza asome na fani ya pili, isiwe hiari. Msimamo huo tunaupenda, kwa kuwa ratiba hujengwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo tangu mwanzo badala ya kuwaombea nafasi.

Mipango inayoendeshwa na vyuo viwili tofauti kwa ushirikiano tunaipa alama pungufu, ingawa majina yake ni makubwa. Tufts ina mpango na chuo cha muziki cha New England, lakini Tufts iko Medford na chuo hicho kiko Boston mjini. Kusoma huko ni kama kuwa na kipindi Kipalapala saa nne na kingine mjini Tabora saa tano: njia itakula somo mojawapo. Harvard nayo ina mpango na chuo hicho hicho cha New England, miaka mitano, unaoishia na shahada ya kwanza ya Harvard na shahada ya uzamili ya muziki. Huo ni wa wachache wanaoingia wakiwa tayari wanapiga kwa kiwango cha juu sana, na hatutaurefusha hapa.

Kwa Uingereza, mtu wa mitambo ya sauti atazame chuo cha Surrey, ambacho kimekuwa na shahada ya muziki na kurekodi sauti, maarufu kwa jina la Tonmeister, tangu mwaka 1970. Hiyo ni shahada moja: nadharia ya muziki, fizikia ya sauti, vifaa vya umeme na studio vyote kwenye chungu kimoja, pamoja na mwaka wa kufanya kazi nje ya chuo. Kwa kijana aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na anapiga kinanda kanisani, tunaona huu ni mpangilio wenye akili kuliko shahada mbili.

Fani ya pili ichaguliwe kwa kuangalia mnyororo wake. Kemia ya jumla lazima itangulie kemia ya kaboni, nayo itangulie baiokemia, na kila moja ina maabara, ambazo mara nyingi huwekwa mchana, saa zile zile ambazo okestra na kwaya hukutana. Ukikosa kozi moja kwa kugongana na mazoezi, unangoja mwaka mzima irudi. Kompyuta ina mnyororo pia, lakini kazi yake nyingi hufanyika usiku kwenye mashine yako. Historia, lugha, saikolojia na uchumi havibani sana. Upande wa muziki una mnyororo wake: nadharia na mazoezi ya sikio huenda kwa mihula minne mfululizo, na anayeanza kwa kuchelewa hapati pa kuikatia. Kwa hiyo mwaka wa kwanza anza na minyororo yote miwili, na masomo ya jumla yasukume mbele. Wengi hufanya kinyume kwa kuwa masomo ya jumla yanaonekana mepesi, kisha mwaka wa nne wanabanwa.

Maandalizi ya hapa nyumbani ndipo tunapoona vijana wa Tabora wanaangukia, na si kwa kukosa sikio. Kwaya zetu zinasoma solfa, na anayesoma solfa vizuri ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa piano hawana. Lakini usaili wa vyuo vya muziki unataka nota za mistari mitano. Daraja ni fupi kuliko linavyoogopwa: ukiona shapu (alama za kupandisha nota) mwanzoni mwa mstari, ile ya mwisho kulia ni *ti*, na *do* iko hatua moja juu yake. Ukiona flati (alama za kushusha), ya mwisho kulia ni *fa*. Hesabu kushuka *mi*, *re*, *do*. Shapu mbili, ya mwisho ikiwa kwenye C, *do* ni D. Flati tatu, ya mwisho ikiwa kwenye A, *do* ni E flati. Chukua nyimbo za kwaya unazozijua kwa solfa, ziandike upya kwenye mistari kwa mkono, sauti zote nne, mbili kwa wiki. *Fe* (*fa* iliyopandishwa) na *ta* (*ti* iliyoshushwa) zitakufundisha alama za katikati ya wimbo bila mwalimu. Miezi sita ya kazi hiyo inamtosha mtu kusoma sauti yake papo hapo.

Kwa wapiga vinanda tatizo ni kitufe cha transposi. Mpiga kinanda anayecheza nyimbo zote kwenye C, kisha anabonyeza kitufe ili kwaya iimbe kwenye F au A flati, vidole vyake havijui skeli nyingine. Mbele ya piano halisi kitufe hakipo, na msaili akiomba skeli ya B flati inakuwa aibu. Zima transposi leo. Wimbo wa Jumapili moja upigwe kwenye ufunguo wake wenyewe, hata kama ni polepole. Wiki ijayo mwingine. Tatizo la pili ni kinanda chenyewe: funguo 61 nyepesi hazijengi mkono wa piano, ambayo ina funguo 88 zenye uzito. Kama hakuna piano utakayoipata kila siku, ushauri wetu ni omba kwa sauti, yaani uimbaji. Sauti haihitaji umeme, haihitaji kununuliwa, na kijana wa miaka 18 hadi 20 hategemewi awe ameiva. Andaa nyimbo tatu au nne kwa kichwa, ikiwemo ya Kiitalia na ya Kiingereza, kwa kuwa hizo ndizo huombwa mara kwa mara.

Video ya mchujo, ile inayotumwa chuoni kabla ya usaili, irekodiwe kabla ya Novemba. Mvua ikigonga bati, rekodi imekufa, na maombi mengi hufungwa karibu na mwisho wa mwaka. Simu iwekwe mita 2 au 3 mbali, kwenye kitu kisichotikisika, ikiwa imezimwa mtandao, ikionyesha uso na mikono. Wimbo mzima bila kukata. Faili lenyewe lipakiwe moja kwa moja kutoka kwenye simu. Ukilipitisha WhatsApp linabanwa na sauti inapauka.

Kwa anayebaki nchini, shahada mbili kwa pamoja si njia ya kawaida, na hatuoni ni hasara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River mkoani Arusha, kina BA ya muziki. Kutoka Tabora unapanda basi kupitia Nzega, Singida na Babati. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha kuingia chuo kikuu kwa kidato cha sita ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4.0, ila kila programu huongeza masharti yake, soma mwongozo wa mwaka husika. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, inatoa vyeti na stashahada, na ni mahali pazuri pa kujenga msingi kabla ya shahada. Anayetaka kubaki na kazi yake Tabora anaweza kusoma fani nyingine kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria mkoani na kuusomea muziki pembeni. Sikio na mkono vitakua, ila cheti cha muziki hakitakuwemo.

Kabla ya kulipa ada ya maombi nje ya nchi, ulizia kwanza hali ya viza ya mwanafunzi ubalozini, maana masharti hubadilika. Kisha mwandikie msajili wa chuo maswali haya: msaada wa ada unafika mwaka wa tano au unaishia wa nne? Kozi zipi zinahesabiwa kwa shahada zote mbili? Okestra na kwaya hukutana saa ngapi, na maabara za fani yangu ni saa ngapi? Nikiacha shahada moja katikati, nyingine inabaki na msaada wake? Mwisho omba mpangilio wa mihula yote kumi wa mwanafunzi wa fani hiyo hiyo uliyoichagua. Wasipoweza kukutumia, fedha ya maombi ipeleke kwenye chuo kingine.