Skana ndogo ya gari ya mkononi: kodi ya kosa imenipa, ila sensa niliyonunua ilikuwa haina kazi

Nina miezi minne sasa na hii skana, kifaa cha kusoma kodi za makosa kwenye kompyuta ya gari, ile ndogo ya mkononi yenye skrini na waya wake, unachomeka kwenye soketi chini ya usukani unawasha swichi basi. Jina silitaji maana zimejaa za aina hii na kwa ndani naona zinafanana tu. Naandika hasa kwa mwenye dizeli inayozima zima, maana mimi imenitoa jasho na nusu ya jasho hilo nilijitakia mwenyewe.

Gari ni pikapu ya dizeli, injini ya komoni reli, yani mafuta yanakaa kwa presha kwenye bomba moja (reli) na kompyuta ndo inafungua nozeli. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi, unatembea vizuri saa nzima, ukifika kwenye foleni ukasimama kidogo, kimya. Haikohoi, haitoi moshi, inazima kama mtu kakata swichi. Unapiga stata, inazunguka kwa nguvu zake zote ila haishiki. Ukikaa dakika ishirini ikapoa inawaka kwa mguso mmoja kama vile haijawahi kuumwa. Fundi wa kwanza akasema pampu, wa pili nozeli, mi mwenyewe nikabadilisha filta mara mbili kwa sababu ndo kitu pekee nilichokuwa najua kubadilisha.

Ndo nikanunua skana. Kodi ikaja P0335, saketi ya sensa ya krenki, yani ile sensa inayohesabu mzunguko wa injini. Sasa hapo ndo nilipokosea, nikasoma "sensa" nikaliruka neno "saketi", kesho yake nimenunua sensa mpya, ya bei rahisi, nimefunga, nimefuta kodi, siku tatu gari safi kabisa nikaanza hadi kuringia watu. Siku ya nne kwenye foleni, kimya.

Nikasema hii skana ni uongo. Kumbe haikudanganya. Saketi ni sensa pamoja na plagi, waya zote mpaka kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta yenyewe. Skana inaona tu kwamba taarifa haifiki, nani kaikatia njiani haijui.

Hapo nikatulia nikaanza kuichokonoa vizuri, na nikiri kuna mambo mawili inayafanya vizuri mno. La kwanza, inatunza hali ya injini ilivyokuwa pale kodi ilipoingia. Yangu ilionyesha joto la maji 94, mizunguko 780, spidi 0. Maana yake tatizo linakuja injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yani inanguruma bila kukanyaga mafuta, sawasawa na nilivyokuwa nawaambia mafundi wakanitazama kama napiga porojo. La pili ndo kubwa zaidi, data laivu, yani namba za injini unaziona papo hapo. Ile siku imezima nikafungua mstari wa rpm (mizunguko kwa dakika) peke yake nikampa jirani apige stata. Injini inazunguka naisikia kwa masikio yangu, skrini inasoma 0. Ikipoa nikarudia, ikasoma 200 na kidogo halafu ikawaka. Hicho ndo kipimo ningependa kila mtu akifanye kabla hajashusha pampu ya watu: stata inazungusha na rpm ni sifuri, basi kompyuta haijui kama injini inazunguka, na kwenye komoni reli isipojua haifungui nozeli hata moja. Zile dizeli za zamani za pampu ya kimakanika hazina habari na mambo haya, hizi mpya ndo zinadeka. Zipo zinazoweza kujikongoja kwa sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), utapiga stata muda mrefu ndo iwake, yangu haimo kwenye kundi hilo. Lakini kama rpm inaonekana vizuri na gari haiwaki, achana na sensa nenda kaangalie presha ya reli.

Kuanzia hapo skana haina msaada tena, ni multimita, kile kipima umeme. Sensa yangu ni ya waya mbili, ya sumaku na koili, haihitaji umeme wa kuingia, yenyewe inatengeneza AC (umeme wa kupanda na kushuka) meno ya ringi ya krenki yanapopita mbele yake. Za waya tatu nyingi ni hadithi nyingine, hizo lazima upate umeme wa kuingia na athi (hasi) kwenye plagi kwanza, na usizipime omu (ukinzani), unaweza kuziua. Yangu ya zamani, ile niliyoitoa na kuitupa kwenye kasha, ilisoma omu 870 ikiwa baridi. Nikaichovya kwenye maji ya moto, ncha tu, nikiwa nimeifunga nailoni, ikapanda kidogo ikatulia hapo. Nikairudisha kwenye injini, nikachomoa plagi, tukapiga stata, AC volti 1.2. Ile mpya ya bei rahisi mahali hapo hapo ikatoa 0.4. Yani nilitoa nzima nikaweka dhaifu! Nikaziweka sambamba mezani, mpya ncha yake ni fupi, kwa macho tu unaona, kwa hiyo inakaa mbali zaidi na meno, na hizi sensa nafasi yake ni kama milimita moja tu hivi. Ya zamani kosa lake lilikuwa ndevu za unga wa chuma kwenye ncha ya sumaku, nikafuta na kitambaa.

Basi ikabaki waya. Injini ikiwa ya moto inanguruma, skana kwenye kiti, rpm peke yake kwenye skrini, mi chini nashika waya kipande kwa kipande natikisa. Kwenye plagi hakuna kitu. Sentimita kama thelathini juu, pale waya zinapopita kwenye kibano karibu na kengele ya giaboksi (ganda linalounga giaboksi na injini), nilivyosukuma tu injini ikazima mkononi. Nikafungua tepu, ganda la waya mmoja limelika hadi shaba, na shaba imeota kijani, inagusa kibano ikijisikia. Moto ukipanda plastiki inalegea, waya unalala kwenye chuma. Nikakata kipande kibovu nikaunga kwa risasi ya kulehemu na mpira wa kubana, nikazisokota zile waya mbili kama zilivyokuwa maana zinasokotwa makusudi zisidake kelele za umeme, na nikaangalia nisizigeuze. Ukizibadilishana kwenye sensa ya aina hii mawimbi yanapinduka na kompyuta inaweza kuchanganyikiwa kabisa, utaanza kutafuta ugonjwa mpya uliouzaa mwenyewe.

Sasa kasoro za skana. Data laivu inakuja polepole, ukifungua mistari kumi namba zinabadilika kwa kusuasua na katizo la sekunde moja hulioni kabisa, ndo maana nasema acha rpm peke yake. Waya wake ni mfupi mno, ukiwa chini ya gari lazima kuwe na mtu wa kukusomea. Na kile kitufe cha kufuta kodi kiko karibu mno na cha kurudi nyuma, mara moja nimefuta kumbukumbu yote kabla sijaiandika, ile hali ya injini nayo ikaenda.

Naipa nyota tatu na nusu. Sensa ya bei rahisi haina nyota, muuzaji kakataa kuipokea kwa sababu ina alama ya spana, iko kwenye droo. Ya zamani ndo inayotembea sasa.