Uzoefu wangu na pnputil: kubekapu draiva kabla ya kupiga Windows upya

Kwa wasio na muda wa kusoma hadi chini: kama kompyuta ina Windows 10 au 11, usipakue programu yoyote ya kubekapu draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa kama waifai, sauti na kadi ya picha. Chombo kimo tayari ndani ya Windows, kinaitwa pnputil. Ni cha bure, hakitaki intaneti, na kwa kazi hii kinazipita programu nyingi zinazojinadi kwamba zitakusasishia draiva zote kwa kubofya mara moja. Nakitumia hapa Arua kwenye laptopu za kila namna: EliteBook, Latitude na ThinkPad za mitumba zinazopitia Kampala, na nyingine za wateja wanaovuka kutoka Kongo zikiwa na Windows ya Kifaransa. Lugha haibadilishi kitu, amri ni zile zile.

Kwa nini kujisumbua, wakati Windows Update huleta draiva yenyewe? Kwa sababu lazima uingie mtandaoni kwanza, na mara nyingi draiva inayokosekana ndiyo ya waifai. Ukifanikiwa kuingia, draiva ya kadi ya picha peke yake inaweza kula mamia ya MB za bando, na ya NVIDIA inaweza kukaribia GB moja. Draiva hizo hizo zilikuwa kwenye diski kabla hujaifomati. Kuzitoa kunachukua dakika chache.

Tuelewane kwanza draiva ni nini hasa, maana hapa wengi hupotea. Faili ya .sys peke yake si draiva kamili. Kifurushi kina .inf, inayotaja ni kifaa kipi kinachohudumiwa na faili ziende wapi, kina .cat, yenye saini ya kidijitali, kisha ndiyo .sys na wenzake. Kwa hiyo wanaonakili folda ya C:\Windows\System32\drivers wakadhani wamebekapu wamebeba mzigo usio na faida: bila .inf Windows haijui pa kuifunga, na bila .cat Windows ya biti 64 itaikataa. Vifurushi kamili hukaa C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, na humo ndimo pnputil inachota.

Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator". Tengeneza folda kwenye flashi au diski ya nje kwanza, kwa sababu pnputil inataka folda iwepo tayari, halafu toa amri. Hapa E: ni flashi:

mkdir E:\draiva
pnputil /export-driver * E:\draiva

Kinyota maana yake zote. Amri hii ipo tangu Windows 10 toleo la 1607. Kwenye Windows 8.1, au ukipenda tu, DISM, chombo kingine kilichomo ndani ya Windows, hufanya kazi ile ile:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

DISM ikikujibu Error 740, umesahau kufungua kama administrator. Ukimaliza utaona folda nyingi zenye majina kama iastorvd.inf_amd64 ikifuatwa na herufi na tarakimu ndefu. Hiyo amd64 haimaanishi kompyuta lazima iwe ya AMD. Ni draiva ya biti 64, na Intel inaitumia vilevile. Ukiona x86, hiyo ni ya biti 32 na haitaingia kwenye Windows ya biti 64 hata ukiilazimisha. Ukubwa wa jumla hutegemea mashine: laptopu ya ofisini isiyo na kadi kubwa ya picha hubaki chini sana ya ile ya michezo. Flashi ya GB 8 iliyo tupu hutosha kwa nyingi, lakini kagua nafasi kabla hujaanza.

Kuhusu flashi, sikiliza vizuri. Media Creation Tool na Rufus, programu za kuandaa flashi ya kusakinishia Windows, hufuta kila kitu kwenye flashi hiyo. Ukibekapu draiva humo kwanza kisha ukaandaa Windows juu yake, umezifuta mwenyewe. Andaa flashi ya Windows kwanza, ndipo uongeze folda ya draiva, au tumia flashi mbili. Wala usiziache kwenye D: kama D: ni sehemu ya diski ile ile utakayofomati, wateja wengi wanaiona D: kama diski nyingine kabisa, na fundi asiyeuliza anafuta vyote.

Mashine isiyowaka je? Hapo ndipo DISM inaipita pnputil, na ndiyo sababu naweka zote mbili kichwani. Washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10 dirisha jeusi litokee, andika diskpart kisha list volume ili uone herufi. Usiamini kwamba Windows iko C: kama kawaida, ukiwaka kwa flashi, herufi huhama. Kama Windows iliyokufa imeonekana kuwa D:, toka diskpart kwa exit kisha:

dism /image:D:\ /export-driver /destination:E:\draiva

Tumia flashi ya Windows ya toleo lile lile au jipya zaidi ya lililo kwenye diski. Kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, utahitaji ufunguo wake wa urejeshaji kwanza. Kwa mashine inayowaka, ufunguo huo uuandike kabla hujagusa chochote: manage-bde -protectors -get C: inauonyesha. Laptopu nyingi za Windows 11 huwa zimefungwa bila mwenyewe kujua.

Sasa kasoro za pnputil, maana si chombo kamilifu. Inatoa draiva za watengenezaji wengine tu, yaani zile zilizosajiliwa kama oem0.inf, oem1.inf na kuendelea. Zile zilizokuja ndani ya Windows haizigusi, na hilo ni sawa, kwa kuwa Windows mpya itakuja nazo au na nyingine za namna hiyo. Pia inabeba matoleo ya zamani yaliyobaki kwenye hifadhi, kwa hiyo unaweza kukuta folda tatu za kadi moja ya picha. Hazidhuru, kwani Windows wakati wa kurejesha huchagua yenyewe inayofaa zaidi, na zikilingana huchukua ya tarehe mpya. Zinakula nafasi tu. Anayetaka kuchagua kwa macho atumie Driver Store Explorer, programu ndogo ya bure yenye orodha, tarehe na ukubwa. Hiyo naipendekeza bila kusita.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni kwamba majina ya folda hayasemi kifaa. Nani atajua Netwtw08 ni waifai ya Intel? Njia yangu: Device Manager, kwenye kifaa husika fungua Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_8086&DEV_A0F0. VEN ni mtengenezaji: 8086 Intel, 10EC Realtek, 14E4 Broadcom, 10DE NVIDIA, 1002 AMD. DEV ni kifaa chenyewe. A0F0 hapo ni waifai ya AX201. Kisha tafuta ndani ya faili za .inf kwa PowerShell:

Get-ChildItem E:\draiva -Recurse -Filter *.inf | Select-String "DEV_A0F0" -List

Usitumie findstr, amri ya kutafuta maneno ya Command Prompt, kwa kazi hii. Faili nyingi za .inf zimeandikwa kwa UTF-16, namna ya kuhifadhi maandishi ambayo amri hiyo haiisomi, na findstr huzipita kama hazina kitu ndani, ukabaki unaamini draiva haipo.

Draiva mbili ninazihamisha kwenye folda yake peke yake kabla ya kuendelea: ya waifai na ya diski. Ya diski ni kwa ajili ya laptopu za Intel kizazi cha 11 na kuendelea zenye VMD, kidhibiti cha Intel ambacho diski hupitia. Unafika pale pa kuchagua diski na Windows inasema haioni hata moja. Mteja akiwa pembeni anaanza kudhani umemharibia SSD. Diski ni nzima, ila kisakinishi hakina draiva ya kidhibiti. Bofya "Load driver", elekeza kwenye folda ya iastorvd, chagua Intel RST VMD Controller. Kwenye kizazi cha 11 huandikwa 9A0B, cha 12 ni 467F. Diski zinatokea papo hapo. Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS badala yake, nayo inafanya kazi kama unafuta kila kitu. Lakini ukiizima wakati Windows ya zamani bado unaihitaji, Windows hiyo inaweza kugoma kuwaka na kutoa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE hadi uiwashe tena. Ukitegemea faili za .exe kutoka tovuti ya mtengenezaji, hapa hazikusaidii kitu, kisakinishi kinataka .inf. Kifurushi ulichotoa kwa pnputil kiko tayari.

Waifai ni kwa ajili ya Windows 11, inayokung'ang'ania uunganishe mtandao kabla ya kukufikisha kwenye skrini ya kazi. Matoleo ya karibuni yana kitufe cha kusakinisha draiva hapo hapo kwenye ukurasa wa mtandao. Kama huna kitufe hicho, Shift+F10, au Fn+Shift+F10 kwenye baadhi ya laptopu, kisha amri ya kurejesha, ambayo ni hiyo hiyo utakayotumia baadaye:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Kwa kuokoa dakika, hapo elekeza kwenye folda ya waifai tu. Ukiwa huna hata hiyo, simu ya Android kwa waya wa USB, ukiwasha tethering (kugawa intaneti ya simu), hutambuliwa na Windows 10 na 11 bila draiva ya ziada. Ila Windows Update itaanza kunywa bando mara moja, kwa hiyo ukishafika ndani weka muunganisho huo uwe "Metered", yaani wa bando lenye kipimo.

Kwenye kurejesha kwa jumla, /subdirs ndiyo muhimu, maana bila hiyo pnputil haiingii kwenye folda za ndani na itakuambia haikuona kitu. Skrini ikizima na kuwaka katikati ya kazi, ni draiva ya picha inaingia, tulia. Chomeka chaja, umeme ukikatika na betri ya mitumba ikazima katikati, utaanza upya. Ukimaliza washa upya, kisha:

pnputil /enum-devices /problem

Inataja vifaa vyenye hitilafu tu. Code 28 ni draiva haipo kabisa. Code 52 ni saini haikukubalika, kawaida kwa draiva za zamani. Code 10 ni draiva imeingia ila kifaa hakikuanza. Jaribu toleo jingine kabla ya kulaumu kifaa. Kwenye Windows 11, draiva ya zamani inaweza pia kuzuiwa na "Memory integrity" iliyo chini ya Core isolation. Unaweza kuizima, lakini mimi humweleza mteja kwanza kwamba anapunguza ulinzi, kisha aamue mwenyewe.

Draiva za Windows 10 kwenda Windows 11 ya mashine ile ile huingia vizuri karibu zote. Kutoka Windows 7 sitegemei hivyo: za mtandao mara nyingine hukubali, za picha na sauti afadhali utafute mpya. Na kwa Windows 7 yenyewe pnputil haina amri ya kutoa, kwa hiyo hapo Double Driver, programu ya kubekapu draiva, bado ina kazi. Ni ya zamani, haihitaji kusakinishwa, na inatenganisha draiva za Microsoft na zisizo za Microsoft. Chagua hizo za pili. Nje ya hapo siihitaji tena.

Snappy Driver Installer Origin, programu ya kusakinisha draiva, ni kitu kingine. Haihifadhi draiva za mashine yako, inakuja na zake, nayo inafaa pale diski ilipokufa bila bekapu. Ni ya bure na huendeshwa bila mtandao, ila mkusanyiko kamili ni makumi ya GB. Kwa bando la simu usijaribu; chukua kifurushi cha mtandao tu, kinatosha kukuingiza mtandaoni.

Printa nazo hubekapiwa, kwa maana ya draiva, lakini programu ya skana na kupima wino haimo. Kadhalika paneli ya NVIDIA na ile ya sauti ya Realtek: kwenye draiva za mtindo mpya hizo ni programu za Microsoft Store, zinakuja kando. Vitufe vya mwanga na sauti kwenye HP mara nyingine hutaka programu yake pia. Nywila za waifai haziko ndani ya draiva hata kidogo. Zitoe hivi, na ujue zitaandikwa waziwazi ndani ya faili, kwa hiyo usiiache flashi hiyo kaunta:

netsh wlan export profile key=clear folder=E:\

Alama yangu kwa pnputil ni 9 kati ya 10, na ile moja nimeikata kwa majina ya folda. Ninazipa folda jina la modeli na namba ya huduma iliyo chini ya laptopu, sizifuti hadi mteja amejaribu waifai, sauti, kamera na printa yake mwenyewe, na kama ofisi ina EliteBook za modeli moja na kadi zile zile, bekapu ya moja inatumika kwa zote.