TAHADHARI: Wanaouza safari ya Margherita ya "siku 5, vifaa vyote ndani"

Ndugu zangu mnaojipanga kupanda milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kiangazi hiki, msitume hata shilingi moja kabla hamjajua anayepokea ni nani. Kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya simu ya Kampala na Nairobi: kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, kwa siku 5, waongozaji, chakula, vifaa vya barafu na mafunzo ya kupanda, yote kwa karibu nusu ya bei ya kawaida. Mdogo wangu na wenzake wanne wa kazini walilipa. Pesa imekwenda, na ninamshukuru Mungu kwamba kilichokwenda ni pesa tu.

Mimi ni mkaaji wa Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo. Marehemu baba aliwabebea wageni mizigo katika mlima huu kwa miaka mingi, na nyumbani kwetu mazungumzo ya jioni yalikuwa ya nani kateleza wapi, nani kashushwa kwa machela. Kwa hiyo jambo hili linaniuma kuliko linavyomuuma mtu aliyepoteza nauli.

Wakala mwenyewe ana maneno matamu na haraka nyingi. Nafasi zimebaki mbili, kesho bei inapanda, tuma kianzio leo nikushikie. Kianzio kilikuwa shilingi laki 6 za Uganda kwa kila mtu, kwa namba ya simu. Mnajua ukituma pesa kwa simu jina la mpokeaji hutokea kabla pesa haijaondoka. Jina lililotokea halikuwa la kampuni, wala halikuwa la huyo waliyekuwa wakiongea naye. Alipoulizwa akasema ni la mhasibu. Salio likaenda kwa namba nyingine tena, eti ya ofisi ya Kasese. Risiti waliyotumiwa ni picha ya karatasi yenye mhuri wa buluu, haina namba ya leseni, haina anwani, haina chochote cha kumshika mtu.

Walipofika niliwapokea stendi, na asubuhi nikaenda nao Nyakalengija, kwenye lango la kuingilia hifadhi, kwa sababu moyo haukutulia. Langoni askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda alipitia orodha yake mara mbili. Majina yao hayamo. Ada ya hifadhi haijalipwa, vibanda vya kulala havijashikwa, hakuna mwongozaji aliyepangiwa kundi hilo. Simu ya wakala ikaita bila kupokewa, baadaye ikazimwa kabisa. Kijana aliyetumwa kuwapeleka akamvuta mdogo wangu pembeni: "Kaka, usihangaike na hawa askari. Kuna njia ya wenyeji, tunapita alfajiri. Mkishafika juu hakuna wa kuwauliza."

Tafadhalini, mtu akiwaambia hivyo, geuzeni hapo hapo. Kujiandikisha langoni si urasimu. Kile kitabu ndicho kinachowafanya watu wajue kuna binadamu mlimani na anatarajiwa kushuka siku gani. Ukipita kichochoroni ukavunjika mguu juu ya kibanda cha Bujuku, hakuna anayekungoja, kwa hiyo hakuna atakayekutafuta.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kwenye gunia. Kijana alikuja na "vifaa vyote" vikiwa ndani ya gunia la mahindi, na mzee mmoja jirani, aliyewahi kuongoza watu kileleni kwa miaka mingi, akaomba avione. Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu ili yashike barafu, zilikuwa pea tatu kwa watu watano. Meno yalikuwa yameisha yakawa butu, na pea moja ilifungwa kwa kamba ya katani mahali pa mkanda. Hanesi, ile mikanda ya kiunoni ya kujifungia kamba, zilikuwa mbili, na bizimu ya moja imeliwa na kutu. Shoka la barafu moja. Kofia ngumu hakuna.

Kisha mzee akaishika kamba. Aliipitisha mikononi kidogo kidogo, bila kusema neno, mpaka akafika mahali akasimama na kuanza kupabonyeza kwa kidole gumba. Akanipa nami nipashike: palikuwa palaini, pamelala, ilhali kwingine kamba ni ngumu na ya mviringo. Akaikunja. Kamba nzima ukiikunja hufanya duara. Ile ilivunjika pembe kali. "Mwanangu," akaniambia, "hii imekatika ndani. Nje inaonekana kamba, ndani hakuna kitu. Hii mtu anaianikia nguo." Kamba hiyo ndiyo ingewafunga pamoja watu watano juu ya barafu yenye nyufa.

Mafunzo waliyoahidiwa, kijana alisema watayapata huko huko juu. Watu wengi hawajui maana ya jibu hilo, kwa hiyo acha nieleze. Siku ya kilele watu huamka usiku wa manane na kuondoka kabla ya mapambazuko, gizani, kwa taa za kichwani, baridi ikiwa kali. Hiyo si saa ya kumfundisha mtu kuvaa kramponi kwa mara ya kwanza. Mwongozaji wa kweli huwafundisha mchana, kabla ya usiku huo: kukanyaga kwa meno yote, kushika shoka, kujizuia ukiteleza, kutembea mkiwa mmefungwa kamba moja bila kuilegeza wala kuikanyaga. Na hukagua kama kramponi zinaingia kwenye viatu vyako mkiwa bado chini, si mkiwa Elena, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, ambako hakuna duka.

Sasa hizo siku 5. Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo wengi wanaposhawishika, kwa sababu siku chache ni bei ndogo na ruhusa fupi kazini. Lango la Nyakalengija liko takriban mita 1,600. Kibanda cha Nyabitaba kiko 2,651, John Matte 3,505, Bujuku 3,962, Elena 4,541, na Margherita yenyewe ni mita 5,109, kilele cha Mlima Stanley, mlima wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Safari ya kawaida ya njia hii hulala kwenye vibanda hivyo kimoja kimoja, hupanda kilele, kisha huteremka kupitia vibanda vya Kitandara na Guy Yeoman. Ni siku 7, na wenye busara huongeza moja au mbili. Ratiba ya huyu wakala, ambayo mdogo wangu bado anayo kwenye simu, iliwatoa langoni ikawalaza John Matte usiku wa kwanza na Elena usiku wa pili.

Hesabuni wenyewe. Ushauri wa kitabibu unaojulikana ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 mwili upewe siku ya kupumzika. Kutoka John Matte hadi Elena ni zaidi ya mita 1,000, na hao watu wametoka Kampala juzi. Mwinuko hauchagui kijana wala mkimbiaji. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema na kukohoa akiwa ameketi tu, maji yanaingia kwenye ubongo au mapafu, na dawa yake kubwa ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Kumshusha kutoka Elena maana yake ni miamba inayoteleza na matope ya kinamasi cha Bigo yanayomeza gambuti, na wa kumbeba ni wapagazi, kwa mabega yao. Ratiba ya siku 5 haina siku ya akiba ya kusubiri hata mvua, na Rwenzori mvua hainyeshi kwa kupangiwa, hata miezi ya Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti tunayoiita mikavu.

Kuhusu picha za tangazo: zinaonyesha theluji iliyojaa na watu wanatembea kama uwanjani. Barafu ya sasa siyo hiyo. Imepungua sana tangu Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni mwaka 1906, na kila inapoyeyuka njia hubadilika, mwamba mtupu unajitokeza, nyufa zinafunguka mahali papya. Ndiyo maana unahitaji mwongozaji aliyepita pale majuzi. Aliyepita miaka 5 nyuma hatoshi.

Jinsi ya kumjua mkweli si vigumu. Muulize swali moja: tunaingia kwa lango gani, na vibanda ni vya nani? Njia ya kati ya Nyakalengija inajulikana kwa kuhudumiwa na Rwenzori Mountaineering Services, na njia ya Kilembe, ile ya upande wa migodi ya zamani ya shaba, na Rwenzori Trekking Services. Wakala wa Kampala si kosa; wapo waaminifu wengi. Lakini hata yeye lazima awanunulie nafasi kwa watu walio mlimani, kwa hiyo wapigieni hao wa mlimani wenyewe, kwa namba mliyoitafuta ninyi na si aliyowapa yeye, muwaulize kama majina yenu yapo na tarehe ni ipi. Ni dakika chache. Wakala halali hatakasirika. Huyu wetu aliposikia neno hilo alisema "mnanivunjia heshima, Bosi", akatishia kuwapa watu wengine nafasi zao.

Leseni ya mwaka huu ya Bodi ya Utalii ya Uganda ombeni nakala, kisha mkathibitishe bodi yenyewe. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye leseni. Ada ya hifadhi iwe na stakabadhi yake peke yake. Akisema ada "imo humo humo" na hana karatasi, haijalipwa.

Jambo lingine ambalo wageni hawaulizi: wapagazi wanalipwa nani, lini, na wamevaa nini? Pale langoni walikuwepo vijana wawili wa kijijini wanaomdai wakala huyo huyo ujira wa safari iliyopita. Waliwahi kupandishwa juu bila koti la mvua wala begi la kulalia, wakalala wamejikunyata. Bei ya chini namna hiyo lazima kuna mtu anayeumia, na mara nyingi wanaoumia ni hawa.

Kama umeshatuma pesa na sasa una shaka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe. Baada ya pesa kutolewa hakuna cha kuzuia. Usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha ya tangazo, ya jina lililotokea wakati wa kutuma, na ya ratiba, kwa sababu tangazo hubadilishwa jina na namba kila linapogundulika. Sisi tumeandikisha malalamiko polisi Kasese. Nawe kama ulilipa mtu wa namna hii, ripoti kituo kilicho karibu nawe popote ulipo na uwaambie kuna faili jingine Kasese la safari ya siku 5 ya Margherita, ili wapelelezi walinganishe namba zilizopokea pesa.