Tanga au Moro (Morogoro): ukitaka mji wa viwanda na msosi wa mtaani

Wadau, hii miji yote miwili watu wanaipita tu wakiwa kwenye basi, Moro wanashuka pale stendi ya Msamvu kuchimba dawa halafu safari inaendelea, Tanga ndo kabisa wanasema mji umelala. Mi naona wanakosa.

Kwa kufika Moro inashinda bila ubishi, tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria 2024 toka Dar ni chini ya masaa mawili. Historia ya viwanda ipo, kile cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikaja kufa, vya tumbaku na nguo, na milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji. Kula? Mishkaki, chipsi mayai, ndizi na matunda ya milimani, vizuri ila sio vya kukufanya urudi.

Tanga sasa! Bandari, saruji kule Pongwe, reli iliyoanza kujengwa 1893, mkonge. Usikae hotelini, nenda Ngamiani zile barabara zenye namba, jioni, tembea tu au kodi baiskeli maana mji ni tambarare. Ukikuta mama anauza viazi vya rojo simama: rojo ya njano nzito, uchachu wa embe bichi, anavunjia bajia na kachori humohumo, halafu anakuuliza pilipili aongeze au basi, we mwambie aongeze jamani. Asubuhi tafuta mkate wa kumimina wa moto, unanukia iliki na nazi, na chai ya rangi.

Una siku moja tu, nenda Moro. Una wikiendi nzima, Tanga, hata sifikirii mara mbili.