Sura Ndogo Kutoka Picha za Zamani: Ununue Ubao, Karatasi au Turubai?

Anayetaka kuchora sura ndogo za mseto kutokana na picha za zamani, yaani penseli, rangi, vipande vya karatasi na gundi vyote kwenye kazi moja, mara nyingi huanza kwa kununua rangi. Seti kubwa inapendeza machoni, nayo humaliza bajeti. Baadaye anachukua turubai yoyote (kile kitambaa kizito cha wachoraji) ya bei nafuu ili mradi apate pa kuchorea. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo: fedha nzuri iende kwanza kwenye msingi, kile kitu utakachochorea juu yake. Rangi tano juu ya msingi imara zinatosha kumtoa mtu mzima mwenye macho na mawazo. Msingi ukiwa mbovu, hata rangi arobaini hazitakusaidia.

Sababu iko kwenye ukubwa wa kazi. Tuseme unachora kwenye sentimita 10 kwa 15, na kichwa cha mtu kina urefu wa sentimita 4 hivi. Upana wa kichwa huchukua takriban macho matano, kwa hiyo jicho moja litakuwa na upana wa milimita tano au sita, na mboni yake na duara la rangi kuizunguka havizidi milimita mbili na ushee. Humo ndani unatakiwa uweke kiza, mwanga na ile nukta nyeupe inayomfanya mtu aonekane anakutazama. Sasa weka mfumo wa nyuzi za turubai chini ya jicho hilo: uzi mmoja umepita juu ya mboni, mwingine umeinuka pembeni, na nukta nyeupe imeangukia kwenye shimo kati yao.

Ndiyo maana nashauri uanzie sentimita 13 kwa 18. Bado ni ndogo na inashikika mkononi, lakini kichwa kinaweza kufika sentimita 6 na mkono ukapumua. Kadi ndogo za picha ambazo mpigapicha Mfaransa Disdéri alizisajili kama uvumbuzi wake Paris mwaka 1854 zilikuwa na ukubwa wa takriban sentimita 6 kwa 10, na zile kubwa zaidi zilizofuata katika miaka ya 1860 zilikuwa kama 11 kwa 16.5. Kwa hiyo ukubwa ninaoutaja hauko mbali na picha zenyewe.

Orodha yangu hii hapa, kuanzia bora hadi ile ya kuacha.

Nafasi ya kwanza: ubao mdogo wa plaiwudi

Picha nyingi za karatasi za karne ya 19 zilichapwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai. Karatasi hiyo ilipenda kujikunja, ndiyo maana wapigapicha waliibandika kwenye kadi ngumu. Kazi ya mseto ina tatizo lilelile. Unabandika, unalowesha, unakandamiza, unabandika tena. Msingi usiopinda ndio unaokuruhusu kufanya hayo yote bila wasiwasi.

Plaiwudi ya mti wa betula ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa nyuzi zake zimebanana na haina mistari mikubwa ya mbao. Unene wa milimita 5 unatosha kwa ukubwa huu. Ukipata ule wenye fremu ya mbao nyuma, bora zaidi, kwa sababu hauhitaji fremu nyingine ukutani. Kabla ya kulipa, ulaze juu ya kioo au kaunta iliyonyooka na ubonyeze pembe moja baada ya nyingine. Ukicheza, uache. Kisha tazama ukingo: matabaka yawe yameshikana bila matundu. Mwisho uinamishe kwenye mwanga wa pembeni, uone kama pana mikwaruzo au madoa ya gundi.

Ubao mtupu lazima uzibwe. Mbao ina vitu vinavyoyeyuka kwenye maji ya rangi na kupanda juu, na baada ya muda sehemu nyeupe hugeuka rangi ya chai. Paka mikono miwili ya akriliki isiyo na rangi, mbele na nyuma, kisha mikono mitatu myembamba ya jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia msingi, upande wa kuchorea. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini, namba 400. Kupaka nyuma si kupoteza rangi: ubao ukinywa unyevu upande mmoja tu, utapinda.

Faida yake kubwa huionja unapofika kwenye nguo na nywele. Paka kahawia iliyoiva juu ya jeso nyeupe, iache ikauke kidogo, kisha kwangua kwa ncha ya wembe. Kila mkwaruzo unatoa uzi mweupe mwembamba kuliko brashi yoyote. Kola ya lesi, mvi za kwenye paji, mshono wa begani, vyote hupatikana hivyo. Turubai haikupi hilo, na karatasi itachanika.

Nafasi ya pili: karatasi ya pamba, laini, gramu 300

Kama unategemea penseli zaidi ya gundi, ipandishe iwe ya kwanza. Tafuta yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, pamba asilimia 100, na iwe ile laini iliyobanwa kwa joto, siyo yenye vipele. Vipele ni vizuri kwa mawingu na mawimbi, lakini kwenye shavu la sentimita mbili humfanya mtu aonekane ana ndui.

Soma jalada kwa makini. Maneno “haina asidi” peke yake hayamaanishi pamba. Karatasi ya mbao inaweza kutiwa chokaa ili kupunguza asidi na kuuzwa kwa maneno hayohayo. Pamba huandikwa pamba. Tofauti utaiona unapofuta: karatasi nzuri hustahimili kifutio mara nyingi bila kuota manyoya, na sura ndogo hufutwa sana, hasa mdomo.

Udhaifu wake ni maji. Ukibandika kipande kikubwa cha karatasi kwa gundi yenye maji, itajikunja hata ikiwa gramu 300. Ibane kingo zote kwa utepe kabla ya kuanza, au nunua daftari ambalo kurasa zake zimegandishwa pande zote na unaichana moja kazi ikishakauka. Njia ninayoipendekeza zaidi ni kuchora kwenye karatasi, kisha kuibandika nzima juu ya ubao kwa jeli ya akriliki na kuendelea na vipande na rangi hapo. Unapata ulaini wa karatasi na ugumu wa mbao.

Nafasi ya tatu: hadibodi au MDF

Hizi ni mbao za kiwandani zilizotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizokandamizwa. Ni laini, zimenyooka, na fundi anaweza kukukatia vipande vingi kutoka ubao mmoja. Kwa anayetaka kuchora familia nzima kutoka albamu moja, hapa ndipo hesabu inapolala vizuri. Shida ni kingo: zikiingia maji huvimba na hazirudi tena. Zizibe kingo kwanza, kabla hata ya kugusa upande wa mbele. MDF pia ni nzito, na vumbi lake wakati wa kukata au kupiga msasa si la kuvutwa, vaa barakoa.

Nafasi ya nne: turubai iliyogandishwa kwenye kadi

Inafaa kwa mazoezi. Ikilowa sana hupinda, na nyuzi zake zinahitaji mikono kadhaa ya ziada ya jeso na msasa kabla hujathubutu kuweka jicho. Kwa kazi hiyo yote, heri ungenunua ubao.

Nafasi ya tano: turubai iliyowambwa

Kwa picha kubwa za mafuta siwezi kuisema vibaya. Ni nyepesi na inabebeka. Kwa sura ndogo ya mseto iache. Hudunda kama ngoma chini ya penseli, huwezi kukandamiza kipande ukatoa hewa yote chini yake, na wembe ukiingia umetoboa.

Majalada ya vitabu vya kale na makadi ya zamani sikuyapa nafasi. Yana mvuto wa kweli, hasa yakiwa na maandishi ya mkono, lakini mengi yana asidi na yatazidi kuwa ya njano na kukatika. Yatumie kwa kazi zako mwenyewe, ukiwa umeyaziba pande zote. Kazi ya kuuza au ya kumpa mtu ibaki kwenye ubao.

Nakala ya picha

Picha halisi usiibandike kamwe, hata kama nyumbani ziko nyingi. Ipitishe kwenye skana kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), irudishe ilikotoka, na ufanye kazi na nakala. Hapa kuna uamuzi wa kununua ambao watu huupuuza: aina ya printa. Printa nyingi za wino za nyumbani hutumia wino wa rangi za kuyeyuka, na tone la gundi yenye maji hugeuza sura kuwa doa la zambarau. Nakala ya tona, yaani unga wa printa ya leza, au ya wino wa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, hustahimili. Ukienda kuchapisha nje, sema wazi unataka tona. Ukipewa karatasi usiyoijua, dondoshea tone la maji kwenye pembe, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, nakala hiyo haifai kwa gundi.

Nakala ya tona pia inaweza kuhamishwa: unapaka jeli kwenye ubao, unalaza picha kifudifudi, inakauka, kisha unalowesha na kusugua karatasi mpaka itoke. Tona inabaki, lakini sura inageuka kushoto kulia, kwa hiyo igeuze kwenye kompyuta kabla ya kuchapa. Isipokuwa kama chanzo ni dagereotaipu, ile picha ya bamba la shaba lililopakwa fedha iliyotangazwa Paris mwaka 1839. Nyingi ya hizo tayari zimegeuzwa kama kwenye kioo. Angalia vifungo vya koti vimefungwa upande gani, kisha amua.

Gundi

Jeli ya akriliki isiyong'aa ndiyo ya kwanza, kwa kuwa hubandika, huziba, na unaweza kupaka rangi juu yake. Ya pili ni PVA, ile gundi nyeupe ya maji, iliyoandikwa kuwa haina asidi. Gundi ya kijiti ni ya kujaribu mpangilio tu. Ile gundi ya mpira isiwepo kabisa. Hugeuka njano na doa lake hupenya karatasi.

Rangi

Nunua chache, tyubu ndogo, na usome namba ya pigmenti iliyoandikwa nyuma. Za kuanzia ni nyeupe ya titani (PW6), nyeusi ya pembe (PBk9), amba, yaani kahawia ya udongo (PBr7), oka, yaani njano ya udongo (PY43) na nyekundu ya udongo (PR101). Zote tano hustahimili mwanga vizuri. Nyekundu ya alizarini yenye namba PR83 inapendeza sana siku ya kwanza, lakini hufifia ikikaa kwenye mwanga, na mdomo wa mtu ukififia sura nzima imekufa.

Bluu haimo, na si kwa kusahau. Nyeusi ya pembe ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu ambacho kati ya kahawia na oka huonekana bluu kabisa, na hiyo bluu ya unyenyekevu ndiyo inayokaa vizuri na picha za kale. Tena kuna jambo la kukumbuka kabla hujaamua rangi ya nguo: mabamba ya karne ya 19 yaliona zaidi mwanga wa bluu na karibu hayakuona nyekundu. Gauni la bluu lilitoka karibu jeupe, jekundu lilitoka jeusi, macho ya bluu yalipauka, na wekundu wa mashavu ukawa kivuli. Kwa hiyo weusi kwenye picha si ushahidi kwamba mtu alivaa nyeusi. Una uhuru wa kweli hapo, utumie.

Ukipenda kumalizia kwa rangi za mafuta, zipake juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake haiwezekani. Akriliki juu ya mafuta itabanduka.

Penseli na brashi

Penseli ya HB na 2B za grafaiti zinatosha kwa mistari, ila weusi uutoe kwa penseli ya mkaa, maana grafaiti ikirundikwa hung'aa na kuharibu kivuli. Kuhusu brashi, usikimbilie namba 000. Brashi ya mviringo namba 2 yenye ncha nzuri hubeba rangi ya kutosha kumaliza kope moja kwa pumzi moja. Ile nyembamba sana hukauka njiani. Dukani omba maji, ichovye, ikung'ute mara moja. Ncha ikijikusanya yenyewe, ichukue. Ongeza bapa moja ya sentimita 2 kwa ajili ya mandharinyuma na jeso.

Vanishi

Chagua isiyong'aa, kwa sababu mng'ao juu ya sura ndogo humlazimisha mtazamaji kutafuta pembe ya kusimama. Kama umetumia mkaa au penseli za kuyeyuka kwa maji, anza na ya kupuliza: mikono miwili au mitatu myembamba, mahali penye hewa, ukiacha kila mmoja ukauke. Brashi ikitangulia, itaburuta mkaa wa nyusi hadi kwenye paji. Baada ya hapo tu ndipo unaweza kupaka kwa brashi, na sehemu zenye vipande vilivyobandikwa uzipitie mara mbili kwenye kingo, kwa kuwa hapo ndipo vumbi na unyevu huanza kuingia.